Vitabu sitini vya kungfu kwenye simu: nianze na kipi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 26, naishi Tanga. Nilifanya karate miaka minne mpaka mwalimu wetu alipohamishwa kikazi, kikundi kikafa. Lakini roho yangu tangu utotoni iko kwenye kungfu, zile tulizokuwa tunaziangalia kwenye mabanda ya video. Juzi rafiki amenirushia kwenye simu vitabu karibu sitini vya kungfu. Vingine ni Kichina kitupu chenye michoro ya zamani, vingine vina picha za wazee wamesimama kwenye mikao, vingine vimetafsiriwa kwa Kiingereza. Je, naweza kujifunza kwa vitabu hivi bila mwalimu? Nianze na kipi? Na kile kitabu cha siri cha Shaolin kipo kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Katika hivyo sitini, kama mkusanyiko wenyewe ni ule unaozunguka sana mtandaoni, kipo kimoja ambacho mtu mwenye miaka minne ya karate anaweza kukishika peke yake akapata kitu. Nitakutajia, na namna ya kukifungua. Lakini kwanza nikueleze kwa nini vilivyobaki, hata vile vyenye thamani kubwa kabisa, havitakufundisha. Usipolijua hilo utapoteza miaka, na huenda ukapoteza na magoti.

Wewe ni mtu wa pwani, kwa hiyo nianzie nyumbani. Bila shaka umewahi kuona mswada wa zamani wa utenzi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwandiko ule wa zamani haukutenganisha vizuri e na i, wala o na u, na p mara nyingi iliandikwa kama b. Anayeujua utenzi anausoma mbio bila kukwama, kwa sababu macho yanamkumbusha kile ambacho sikio lilishapokea kwa bibi au kwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Asiyeujua anapapasa tu, neno moja analisoma kwa njia nne na hajui ipi ndiyo.

Vitabu vingi vya kungfu ya asili vimeandikwa kwa tabia hiyohiyo. Wachina wanakiita kitabu cha mtindo fulani wa mapigano quanpu, yaani daftari la ngumi. Moyo wa quanpu ni majina ya mikao yaliyopangwa kwa mfuatano, pamoja na tungo fupi zenye vina ambazo mwanafunzi alizikariri. Aliyeandika alikuwa anamwandikia mtu ambaye tayari ameusimamia ule mkao mara elfu mbele ya mwalimu. Kilichokuwa kwenye karatasi kilikuwa cha kumkumbusha.

Tuchukue ukurasa mmoja tuutazame kwa karibu. Karibu mwaka 1560, jemadari wa China wa enzi ya utawala wa Ming aitwaye Qi Jiguang, aliyekuwa akipambana na maharamia waliokuwa wakivamia pwani ya Zhejiang na Fujian, aliandika kitabu cha kufundishia askari kiitwacho Jixiao Xinshu. Ndani yake kuna sura ya ngumi yenye mikao 32, kila mmoja na mchoro wake na shairi lake. Ni moja ya maandishi ya zamani kabisa ya aina hii tuliyo nayo, na nina hakika kipo kwenye simu yako, maana michoro yake imenakiliwa kila mahali. Tafuta mtu aliyesimama kwa mguu mmoja. Mkao huo unaitwa Jogoo wa Dhahabu Asimama kwa Mguu Mmoja. Shairi lake linasema jogoo ananyanyuka, mguu unasukuma na ngumi inapita kwa ubavu, kisha linataja mgongo na ng'ombe aliyelala mpaka wawili wanaanguka, na linamalizia kwamba atakayekutana na pigo hili atalia mpaka mbinguni.

Sasa jiulize. Mguu upi unanyanyuka? Mkono wa pili uko wapi wakati ngumi inapita? Ng'ombe aliyelala ni nani, na anaingia saa ngapi? Shairi halisemi. Askari wa Qi Jiguang hakuhitaji kuambiwa, kwa sababu ng'ombe aliyelala alikuwa ameshaonyeshwa uwanjani na mgongo wake ulikuwa umeshagonga ardhi. Wewe na mimi tumebaki na mchoro mmoja wa mtu aliyeganda, na mistari minne.

Wakati huohuo Qi Jiguang ni mkweli kuliko waandishi wengi waliomfuata. Anasema wazi kwamba ngumi zinaonekana hazina kazi katika vita kubwa, ila zinazoesha mikono na miguu, zinaupa mwili uchangamfu, ndiyo maana ni mlango wa mwanafunzi anayeanza kabla hajaingia kwenye fimbo, mkuki na upanga. Katika toleo la baadaye la kitabu chake, lile la juzuu 14, sura ya ngumi haimo tena. Shairi la mkao wa kwanza kabisa nalo linabeba onyo ambalo ningependa ulikariri: mbele ya adui, kama huna ujasiri wa kutangulia, macho makali na mikono myepesi ni kazi bure. Mwandishi aliyezika askari ndiye anayeandika hivyo.

Mkao huo wa kwanza una jambo jingine la kukuonyesha. Jina lake ni Lan Zha Yi, kuchomeka joho kwa uvivu: mtu anakusanya upindo wa nguo yake ndefu kabla ya kupigana, bila haraka, kana kwamba adui si kitu. Jina hilo limo hadi leo katika taijiquan, ule mtindo wa kungfu ambao wengi wanauita tai chi, ya ukoo wa Chen, kijiji cha Chenjiagou, mkoa wa Henan. Nenda sasa kwenye taijiquan ya ukoo wa Yang, iliyotokana na ile ya Chen, mahali palepale mwanzoni mwa mfuatano. Utakuta Lan Que Wei, kukamata mkia wa shomoro. Watafiti wengi wanaona ni jina lilelile lililopita masikioni mwa watu wasioandika, likabadilika kidogo kidogo, mpaka aliyekuja kuliandika akatafuta herufi za kulisitiri. Mikono ikaendelea kufanya kazi yake, na joho likawa shomoro. Mtu anayejifunza kwa kitabu peke yake atakaa kutwa nzima anatafuta mkia wa ndege mahali ambapo pengine hapakuwahi kuwa na ndege.

Ndiyo maana kwa Wachina wenyewe daftari lilikwenda sambamba na mikono. Mfano mzuri ni maandishi mafupi yanayoitwa misingi ya taijiquan. Inasimuliwa kwamba msomi Wu Yuxiang (1812–1880) aliyapata kupitia kaka yake, kwenye duka la chumvi huko Wuyang. Mpwa wake Li Yiyu aliyanakili kwa mkono mwaka 1881, nakala tatu tu: moja akabaki nayo, moja akampa mdogo wake, ya tatu akampa mwanafunzi wake Hao Weizhen. Nakala tatu, na kila aliyepokea alikuwa amekwisha kushikwa mkono na mwenye kutoa. Baadaye Hao Weizhen akamfundisha mtu mmoja kutoka Hebei aitwaye Sun Lutang. Lishike jina hilo.

Mambo yalibadilika utawala wa Qing ulipokaribia kuanguka na baada ya kuanguka. Mwaka 1910 kilianzishwa Shanghai chama cha Jingwu, kilichofungua milango ya mafunzo kwa watu wa mjini, makarani, wanafunzi, wanawake pia, na kikachapisha vitabu na majarida yenye picha. Mwaka 1928 serikali ya Nanjing ikaunda taasisi kuu ya guoshu, sanaa ya taifa, nayo ikachapa vyake. Nia ilikuwa kujenga taifa lenye miili yenye afya, kwa hiyo kwa mara ya kwanza vitabu vingi viliandikwa kwa ajili ya mtu asiyemjua mwandishi, aliyekinunua dukani. Picha za kamera zikachukua nafasi ya michoro. Maelezo yakawa ya hatua kwa hatua: mguu wa kushoto unasogea hivi, mkono wa kulia unapita pale. Kwa mtu aliye peke yake, vitabu vya miaka ile, tuseme 1910 mpaka 1937, ndipo pa kuchimba.

Na hapo ndipo kilipo kitabu chako. Kinaitwa Xingyiquan Xue, Somo la Xingyiquan, cha mwaka 1915, na mwandishi ni huyo Sun Lutang (1860–1933). Alikuwa na mitindo mitatu, xingyi, bagua na taiji, yote ameipata kwa walimu wenye majina, na kila mmoja aliuandikia kitabu. Anza na cha xingyi. Sababu yangu ni nyepesi: msingi wake ni ngumi tano tu, na kila moja ni tendo fupi unalolirudia ukienda mstari ulionyooka, ukifika ukutani unageuka unarudi. Pi inashuka kama shoka. Beng inakwenda kama mshale. Zuan inapanda ghafla kama umeme. Pao inalipuka kama mzinga. Heng inafyatuka kwa ubavu. Tendo fupi linalorudiwa linakupa nafasi ya kujisahihisha. Mfuatano mrefu wa mikao 108 unakuficha makosa yako, kwa sababu kabla hujaligundua moja umeshafika kwenye la tano.

Kabla hujakifungua, sikiliza jambo ambalo limewapoteza wengi. Vitabu vya Kichina vya wakati ule vinasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama msahafu. Mistari inashuka kutoka juu kwenda chini, na kurasa mbili zikiwa zimepigwa picha pamoja, ya kwanza ni ile ya mkono wa kulia. Nimewaona vijana waliofungua nakala laini wakafuata picha kutoka kushoto, wakajifunza mfuatano mzima kinyumenyume, na wakawa wazuri kabisa kwa kinyumenyume hicho. Kama ulipita chuo cha Kurani, usikubali likupate.

Kuna na hili la mishale. Katika vitabu vya baadaye, hasa vilivyochapwa Beijing kuanzia miaka ya 1950, ule wakati wa taijiquan fupi ya mikao 24 iliyotungwa mwaka 1956, utaona kwenye mwili wa mtu mistari iliyokolea na mistari ya nukta yenye ncha za mshale. Mistari hiyo inaonyesha mkono na mguu vinakokwenda kufikia picha INAYOFUATA. Wengi wanadhani inaonyesha vilikotoka. Mara nyingi mstari uliokolea ni upande wa kulia na wa nukta ni kushoto, lakini soma ukurasa wa maelezo wa kitabu chenyewe, maana wachapishaji hutofautiana.

Turudi kwa Sun Lutang. Ukurasa utakaokaa nao kuliko mingine ni wa mkao uitwao santi. Kabla yake kuna kurasa za falsafa, utupu na asili ya vitu, yin na yang; zisome, usizirushe, ila usijilazimishe kuzielewa mwaka huu. Santi yenyewe iko hivi. Mguu wa kushoto umetangulia, wa kulia nyuma, uzito mwingi umebaki mguu wa nyuma. Mkono wa kushoto umenyooshwa mbele, kiganja kikiwa wazi, mkono wa kulia umevutwa nyuma karibu na tumbo. Macho yanatazama kidole cha shahada cha mkono wa mbele. Kuhusu mikono Sun anaandika maneno ambayo yamerudiwa na kila mwalimu wa xingyi tangu hapo: kama imenyooka lakini haijanyooka, kama imepinda lakini haijapinda.

Hapa karate yako itakusaidia na itakuharibia. Itakusaidia kwa sababu unajua kusimama bila kuyumba na unajua kuuma meno. Itakuharibia kwa sababu mwili wako umezoea zenkutsu, ule mkao mrefu wa uzito mbele, na kila ukichoka utaegemea mguu wa mbele bila kujua. Dawa ni hii: ukiwa kwenye santi, nyanyua mguu wa mbele sentimeta mbili kutoka sakafuni. Kama umenyanyuka bila kichwa kusogea, uzito uko mahali pake. Kama imebidi urudishe kiwiliwili nyuma kwanza, ulikuwa umeegemea. Jipime hivyo kila baada ya nusu dakika. Simama dakika mbili kila upande kwa wiki ya kwanza, tatu wiki ya pili, na mwezi mzima upite kabla hujagusa ngumi ya shoka.

Nakuambia kuhusu magoti kwa sababu yangu nusura niyapoteze. Nilipokuwa na umri wako niliuchukua mkao wa farasi kutoka kwenye mchoro wa kitabu, mchoro mzuri tu, mtu anakutazama uso kwa uso, mapaja yamelala kama meza. Nikaufanya kila alfajiri kwa miezi nane. Mwezi wa sita nikaanza kushuka ngazi kwa kushikilia ukuta. Nilidhani ni maumivu ya kazi, nikaongeza dakika. Siku niliyopata mwalimu hakusema neno. Alinishika kiuno kwa mikono miwili, akakishusha nyuma kidogo kama mtu anayetafuta kigoda, kisha kwa ncha ya kiatu akayasukuma magoti yangu nje mpaka yakaelekea vilikoelekea vidole vya miguu. Haikuchukua hata dakika. Mchoro ule haukuwa na kosa lolote. Ulimchora mtu kwa mbele, na kosa langu lilikuwa linaonekana kwa ubavu tu.

Kwa hiyo weka simu yako ubavuni, urefu wa kiuno, ujirekodi dakika nzima, kisha uitazame bila kujionea huruma. Siku nyingine iweke mbele, siku nyingine nyuma. Kitabu kina upande mmoja, wewe una pande zote. Goti likiuma kwa ndani, acha siku hiyohiyo. Misuli ya paja kuwaka moto ni kazi, goti kuchoma ni hatari, na mwenye miaka minne ya karate anaijua tofauti.

Sasa kile kitabu cha siri. Swali lako halikustahili kuchekwa, kwa sababu watu wazima wenye elimu wamelipigania kwa karne nzima. Kinachotajwa sana ni Yijin Jing, kitabu cha kuigeuza misuli na kano, ambacho husemwa kiliachwa kwenye hekalu la Shaolin na mtawa Bodhidharma. Kina dibaji mbili za majemadari mashuhuri. Moja imetiwa jina la Li Jing wa enzi ya Tang na tarehe ya mwaka 628. Ndani yake jemadari anaeleza kwamba elimu hii imemfikia kupitia kwa Qiuran Ke, yule mgeni mwenye ndevu za kujisokota. Huyo mgeni ni mhusika wa hadithi ya kubuni, iliyotungwa zaidi ya miaka 200 baada ya tarehe hiyo. Ni sawa na kuletewa hati ya shamba iliyoshuhudiwa na Abunuwasi. Msomi Ling Tingkan aliligundua hilo tangu enzi ya Qing. Maandishi ya mwishoni mwa kitabu yana mwaka 1624, na huo ndio umri ambao watafiti wanaukubali.

Mtu aliyefanya kazi kubwa ya kusafisha mambo haya ni Tang Hao (1897–1959), mwanasheria, ambaye mwaka 1930 alitoa kitabu chake cha uchunguzi juu ya Shaolin na Wudang, mlima mwingine wa simulizi za kungfu, akionyesha kwamba simulizi la Bodhidharma kuasisi ngumi za Shaolin halina mguu wa kusimamia. Yeye na mwenzake Xu Zhen walikichambua pia kitabu cha mwaka 1915 kiitwacho Shaolin Quanshu Mijue, yaani siri za ngumi za Shaolin, kilichoandikwa na mtu aliyejificha nyuma ya jina la kalamu. Hicho nacho hakika kimo kwenye simu yako. Kisome kama dirisha la mawazo ya Wachina wa wakati ule, waliotaka mashujaa na viapo vya siri, usikisome kama historia ya hekalu.

Cha kweli cha Shaolin kipo, na hakikuwahi kufichwa. Mwanzoni mwa karne ya 17 Cheng Zongyou, aliyekaa na watawa hao zaidi ya miaka kumi, aliandika kitabu chenye maelezo kamili na michoro: Shaolin Gunfa Chanzong. Ni kitabu cha fimbo ndefu! Ngumi anazigusia kidogo tu. Anaeleza kwamba mtu alimuuliza mbona watawa siku hizi wanashughulika na ngumi kuliko fimbo, naye akajibu kwamba fimbo ya Shaolin imeshajulikana kote, ilhali ngumi bado hazijaenea nchini, ndiyo maana wanazifanyia kazi zifikie kiwango hichohicho. Fikiria uzito wa ushahidi huo. Mtu aliyekuwepo anatuambia kwamba ngumi za Shaolin, zile tulizozilipia mabanda ya video, wakati ule zilikuwa bado zinakua.

Akija mtu kukuuzia nakala ya maktaba ya siri ya hekalu, mkumbushe mwaka 1928. Jeshi la Shi Yousan lililitia Shaolin moto, na majengo makuu pamoja na maandiko mengi yakateketea. 

Mambo mawili kwenye simu yako naomba uyaweke mbali kwa sasa. La kwanza ni kile kitabu cha mazoezi 72 ya Shaolin cha Jin Jingzhong, 1934, chenye tafsiri za Kiingereza kila kona. Kina mazoezi ya kupiga vidole kwenye vitu vigumu kwa miaka, na zoezi jingine la kutambaa ukutani kama mjusi. La mjusi halitakudhuru, ila la vidole linaweza kukuacha na mkono usioshika kalamu. La pili ni dawa. Vitabu vingi vya kale vina kurasa za dawa za kuchua, na baadhi ya maelekezo yana mizizi ya jamii ya akoniti. Hiyo ni sumu inayosimamisha moyo. Waliokuwa wakiitumia walikuwa na waganga wa kuipima na kuichemsha. Usinunue, usichanganye, usijipake hata kidogo.

Ukikuta kitabu kinachoitwa Bubishi, hicho usikifute. Ni mkusanyiko wa maandishi ya Kichina, sehemu kubwa ya mtindo wa Korongo Mweupe wa Fujian, uliokuwa ukinakiliwa kwa mkono na walimu wa karate wa Okinawa, kisiwa cha Japani ilikozaliwa karate. Kurasa zake za dawa zinahusika na onyo langu hapo juu, lakini kwako wewe ni kitabu cha ukoo: karate uliyoifanya miaka minne ina damu ya Fujian, na humo utaona majina na mikono inayofanana na uliyoizoea.

Na kwa kuwa ulitaja mabanda ya video, mtafute Lam Sai-wing (1861–1943), mwanafunzi wa Wong Fei-hung, bingwa wa kungfu wa Guangdong. Aliacha vitabu vitatu vya mtindo wa Hung: wa kumtiisha chui milia, wa chui milia na korongo, na wa uzi wa chuma. Mwanafunzi wake mmoja, Lau Cham, ndiye baba wa Lau Kar-leung, aliyepanga mapigano katika filamu nyingi za Hong Kong za miaka ya 1970. Kwa hiyo mikono uliyoiona ukiwa mtoto, mingi imetoka humo. Kile cha kumtiisha chui milia kina jambo zuri la kutazama: njia ya miguu yake inachora herufi 工 sakafuni, na jina la mfuatano limetokana na herufi hiyo. Furahia kukitazama. Kukifanya, ngoja mpaka upate mtu wa kukushika kiuno.

Mtu huyo mtafute hata kama ni wa kumwona mara mbili kwa mwaka. Siku mbili za kusahihishwa, kisha miezi sita na kitabu, ni mpango mzuri kuliko watu wanavyodhani. Kitabu kinaanza kuzungumza baada ya mwili kuwa na cha kukumbuka. Ukipata nafasi ya kujifunza herufi za Kichina, hata mia mbili tu, zile za kulia na kushoto, mbele na nyuma, mguu, mkono, ngumi, kiuno, utashangaa jinsi maelezo ya Sun Lutang yanavyofunguka, maana maneno yake ni machache na yanajirudia.

Nina ombi moja la wiki hii, kabla hata ya santi. Nunua daftari la kurasa mia. Wewe ulifundishwa na mtu kwa miaka minne, na maneno yake bado yamo mwilini mwako, lakini yanatoka kidogo kidogo kila mwezi usiofanya mazoezi. Chukua kata ya kwanza aliyokufundisha, yaani ule mfuatano wa mikao ya karate, tendo kwa tendo, uandike kila alichokuwa akikuambia: alikosimama wakati anasema, alikokugusa, kosa lako lililokuwa likimkera. Chora vijiti kama hujui kuchora watu. Ukikwama, mpigie simu umuulize mguu ulikuwa upi.